Nilimlaumu Mwanangu, Kumbe ni Mpira

Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeishi kwa kanuni moja niliyofundishwa chuoni, kwamba mgonjwa hapewi dawa kabla ya kuulizwa na kupimwa. Hata wauguzi vijana ninaowaongoza wodini hunisikia nikiirudia kila siku. Lakini mwaka 2023 niliivunja kanuni hiyo nyumbani kwangu mwenyewe, na aliyeumia ni mwanangu wa kwanza. Chanzo kilikuwa gari.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet fupi, ile yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ya mwaka 1994. Nililinunua mwaka 2019 kwa mtu aliyekuwa akihama Kigoma. Ukiliona kwa mbali ni Starlet kama nyingine zote, ila hili lina tundu juu ya boneti, na injini yake ina tabo. Injini ni ndogo, haifiki hata lita moja na nusu, lakini kwa ajili ya tabo kiwanda kiliipa nguvu za farasi 135. Mimi sikulinunua kwa sababu ya nguvu hizo. Nililinunua kwa kuwa bei ilinifaa, na ukilaza kiti cha nyuma linabeba sufuria za harusi, viti vya msibani na magunia mawili ya mahindi. Akina mama wa kanisani kwetu wanalijua vizuri. Wakati mwingine nasema ni gari la jumuiya, mimi ni dereva tu.

Siku ya barabara ya Kalinzi

Jumamosi moja ya Agosti tulikwenda Kalinzi kumpa pole mwenzetu aliyefiwa na mama yake. Tulikuwa wanawake watatu na mtoto mmoja. Wanaoijua barabara hiyo wanajua jinsi ilivyo. Ukishapita Mwandiga unaanza kuliacha ziwa chini, unapanda na kupanda mpaka unafika kwenye mashamba ya kahawa na upepo wa baridi.

Mbele yetu kulikuwa na lori lililojaa mzigo, likipanda polepole huku likitoa moshi mweusi. Nikaona mbele ni peupe, nikatoka kulipita. Nilikanyaga mafuta, gari halikuvuta. Nikakanyaga mpaka chini, bado. Tulikuwa sambamba na matairi ya nyuma ya lori, hatuendi mbele wala haturudi nyuma, na juu kwenye kona likatokea basi dogo la abiria. Nilikanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori. Basi likatupita likipiga honi. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia tu mama mwenzangu wa kwaya nyuma yangu akimvuta mtoto kifuani.

Si kwamba zamani gari lilivuta papo hapo. Tangu nililinunua, lilikuwa na tabia ya kusita kidogo. Unakanyaga, unahesabu moja, mbili, ndipo unasikia mgongo unasukumwa kwenye kiti. Nilikuwa nimeizoea hesabu hiyo, na ndiyo niliyoitegemea siku ile. Ila siku ile nilihesabu mpaka tano.

Hukumu kabla ya vipimo

Wiki mbili kabla ya hapo mwanangu, aliyekuwa na miaka 19 akisubiri kwenda chuo, alikuwa amelipeleka gari Kasulu kuchukua mahindi. Njia nzima ya kurudi kutoka Kalinzi akili yangu ilikuwa juu yake. Vijana na mbio! Nilipofika nyumbani Mwanga sikumsalimu hata. Nilimwambia mbele ya wadogo zake kwamba ameliua gari, na kwamba karibu awaue na watu wa Mungu waliokuwa ndani yake. Akasema, "Mama, mimi sikukimbiza." Nikamwambia anyamaze.

Jumatatu nilimpelekea gari fundi mmoja mjini. Alifungua boneti, akanguruma injini mara mbili, akafunga boneti. Hakufika hata dakika tano. "Mama, tabo imekufa. Inatakiwa nyingine." Iliyotumika, akasema, ingepatikana Dar es Salaam kwa milioni moja na laki tatu, bila ufundi.

Fedha hizo nilikuwa nazo. Zilikuwa ada ya mwanangu ya muhula wa kwanza. Baba yao yuko Tabora kikazi, na tulikuwa tumezikusanya kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Usiku ule nilimwambia kijana kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu, ada yake ndiyo itakayotengeneza, na chuo kitasubiri mwaka mwingine. Hakujibu. Asubuhi alikuwa ameondoka, amekwenda kukaa kwa mjomba wake Katonga.

Mzee wa Ujiji

Kilichoniokoa ni kwamba fundi yule wa kwanza alikuwa na kazi nyingi, akaniambia nisubiri wiki. Katika kusubiri, mgonjwa mmoja aliyesikia shida yangu akanielekeza kwa mzee mmoja wa Ujiji, ambaye ujanani alitengeneza mashine za boti za wavuvi, na sasa anatengeneza magari chini ya mwembe, si mbali na mahali pale pa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871.

Nilifika akiwa anatoka msikitini. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, binti yangu. Mgonjwa ni nani?" Nikaonyesha gari. Nikamwambia tabo imekufa. Akacheka kidogo, akauliza, "Hilo ni jibu. Mimi nimeuliza anaumwa nini."

Kisha akaanza maswali. Shida ilianza lini? Ilianza ghafla au polepole? Ni wakati wa kupanda tu, au hata tambarare? Oili inapungua? Moshi una rangi gani? Kuna sauti mpya? Mara ya mwisho kubadili chujio la hewa ni lini?

Ndugu zangu, niliona aibu. Maswali hayo ndiyo ninayowauliza wagonjwa wangu kila siku, kwa maneno mengine tu. Na mengi sikuweza kuyajibu. Alipouliza kuhusu sauti, nilisema sijui. Akasema, "Basi nani mwingine anaendesha gari hili? Huyo ndiye nimtakaye."

Ilinibidi nipige simu Katonga.

Tabo inafanya nini

Kijana alikuja jioni, akamwamkia mzee, mimi akaniamkia kwa sauti ya chini. Mzee akatueleza wote wawili, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa.

Injini inahitaji mafuta na hewa, kama jiko la mkaa. Ukitaka moto mkali, unapepea. Tabo ndiyo kipepeo cha injini. Moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kupotea bure, hupita kwenye panga dogo la duara na kulizungusha kwa kasi kubwa sana. Panga hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na panga jingine upande wa pili, ambalo huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Aliyeandikisha wazo hili, mwaka 1905, alikuwa mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi. Kwetu huku milimani linasaidia zaidi, kwa sababu kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi.

Kwa kuwa panga huzungushwa na moshi, injini ikiwa inazunguka polepole moshi ni mchache na panga nalo linajikokota. Ukikanyaga mafuta ghafla, lazima usubiri moshi uongezeke, panga lishike kasi, hewa ijae. Kusubiri huko kidogo ni tabia ya tabo, hasa za magari ya zamani, wala si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kusubiri kunapoongezeka kuliko kulivyokuwa. Ndiyo maana mzee aliuliza lini.

"Sasa wewe, mwanangu," akamgeukia kijana, "ulisikia nini?"

Kijana akaniangalia kwanza, kisha akasema: wakati wa kurudi kutoka Kasulu, kila alipopanda mlima, alisikia mlio wa "sss" chini ya boneti, kama tairi linalotoa upepo. Akiachia mafuta, mlio unakoma. "Nilimwambia Mama siku ile ile niliporudi. Alikuwa anavaa aende zamu ya usiku. Akasema niache kwanza."

Nilikumbuka. Alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nilimwambia hivyo hivyo.

Vipimo, kimoja baada ya kingine

Mzee alisema tutaanza na vya bei rahisi, tumalizie na vya bei ghali. Kesho yake gari likiwa limelala na injini ni ya baridi, kazi ikaanza. Nilishika daftari, mwanangu akashika spana.

Kwanza kabisa, kitufe. Starlet ya aina hii ina kitufe cha kuchagua nguvu ndogo au kubwa ya tabo, na mtoto akikibonyeza kwa mchezo, mama atahangaika bure. Chetu kilikuwa sawa.

Pili, chujio la hewa. Lilikuwa jekundu kwa vumbi la kiangazi, limeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua. Tulinunua jipya kwa shilingi 20,000. Tukatoka kujaribu: gea ya tatu, mshale wa mizunguko kwenye 2,000, kanyaga mpaka chini. Mimi nikaendesha, mwanangu akahesabu kwa saa yangu ya kazini, ile ninayohesabia mapigo ya moyo. Kutoka sekunde tano ikashuka kuwa nne na kidogo. Mzee akasema, "Tumepata maradhi moja, lakini si hili lililokuleta."

Tatu, tabo yenyewe. Mzee alitoa paipu ya kuingizia hewa, akaweka kidole kwenye ncha ya mhimili. Nitahadharishe hapa: hili hufanywa injini ikiwa imezimwa na imepoa, kamwe si inapozunguka. Akautikisa. Kucheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida. Ukicheza kwenda mbele na nyuma, au panga likigusa ukuta wake, au ukikuta oili imejaa pale, hapo tabo inaumwa kweli. Yetu ilizunguka laini, haikugusa popote. Aliniita nami nikaizungusha kwa kidole changu mwenyewe. Ile tabo iliyoambiwa imekufa ilikuwa hai.

Nne, kile kijiti kidogo pembeni ya tabo kinachofungua mlango wa kupitishia moshi wa ziada. Mlango ukikwama wazi, moshi unapita pembeni na panga halipati nguvu. Kilisogea na kurudi vizuri.

Tano, mipira. Hewa ikitoka kwenye tabo hupita kwenye mpira mnene kwenda kwenye kipoza hewa, ambacho mafundi wanakiita intakula, kilichopo chini ya lile tundu la boneti, ndipo iingie kwenye injini. Kwa macho mipira yote ilikuwa mizima, na injini ikinguruma gari likiwa limesimama hapakuwa na mlio wowote. Mzee akasema ufa wa namna hii ni mjanja: mpira ukiwa umetulia unajifumba, ukijaa hewa unafumbuka.

Alikuwa na kifaa alichokitengeneza mwenyewe: mfuniko wa bomba la plastiki, katikati ametoboa na kufunga valvu ya tairi. Akaufunga kwenye mdomo wa kuingizia hewa wa tabo, akapuliza upepo kwa pampu mpaka paundi 8. Hakuzidisha, kwani upepo mwingi unaweza kuharibu vitu vingine. Tairi la gari hili hujazwa karibu 30, na huku ni chini ya theluthi ya hizo. Kisha akampa mwanangu sifongo na povu la sabuni ya kufulia, apake kila kiungo.

Chini ya ule mpira unaotoka kwenye tabo, upande usioonekana, povu lilianza kuchemka. Kijana akaukunja mpira kwa mkono, na mdomo ukafunguka, ufa wa urefu wa kidole gumba, kingo zake zimejaa vumbi lililoganda kwa oili. Mzee akausugua kwa kitambaa. "Huu si wa wiki mbili," akasema. "Mpira una miaka karibu thelathini, umekaa kwenye joto na oili. Umechoka tu."

Kwa muuguzi hili ni rahisi kulielewa. Mgonjwa yuko kwenye oksijeni, hapati nafuu, nawe unaongeza kipimo kwenye mtungi. Kumbe mrija umechomoka, oksijeni inaishia sakafuni. Muuguzi mzuri hufuata mrija kwa mkono wake mpaka puani kabla ya kusema mapafu yameshindwa. Tabo yangu ilikuwa inafanya kazi mara mbili kujaza mpira unaovuja, ndiyo maana ilichelewa. Tungefunga tabo mpya kwa ada ya mtoto, na ule mpira ule ule, gari lingeendelea kuchelewa.

Mpira na radhi

Mpira mpya pamoja na vibanio viwili uligharimu shilingi 45,000. Uliagizwa Dar es Salaam ukaja kwa basi, tukausubiri siku nne. Mzee alitukataza kabisa kufunga ule wa zamani kwa raba ya baiskeli kama wengine wafanyavyo, maana joto la pale linaiyeyusha, na itaachia siku unapolipita lori. Ufundi wake, kwa siku zote hizo, alitaka 30,000. Ukijumlisha na chujio, 95,000.

Lakini palikuwa na deni jingine. Sisi tulilelewa kwamba mzazi haombi radhi kwa mtoto. Mama yangu hakuwahi kuniomba, nami sikumtegemea. Nilifikiri kumnunulia kijana shati, mambo yaishe kimya kimya kama tunavyofanya wengi wetu. Hata hivyo nilipokumbuka kwamba nilimhukumu mbele ya wadogo zake, niliona shati halitatosha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa huu nilikuwa nimeupasua mwenyewe.

Usiku ule tulipokula niliwaambia watoto wote kwamba kaka yao hakuharibu gari. Mpira ulizeeka, yeye alinipa taarifa mapema, na mimi sikumsikiliza. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Nyumba ilinyamaza. Yule mdogo kabisa aliacha tonge hewani. Kijana aliinamia sahani yake kwa muda, kisha akasema, "Haya, Mama. Yameisha." Baadaye akaongeza, "Ila siku nyingine nikisema, unisikie." Nilitaka kumkemea kwa neno hilo la mwisho. Nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Kesho yake alfajiri, barabara ya Ujiji ikiwa tupu, tulitoka tena na ile saa. Gea ya tatu, mshale kwenye 2,000, mafuta chini. Moja, mbili, na mgongo wangu ukasukumwa kwenye kiti. Mwanangu akaandika kwenye daftari, tukaendelea hadi Kibirizi, tukanunua dagaa kwa wanawake waliokuwa wakianika mchangani.

Ninayofanya sasa

Yapo machache ninayoyashika tangu wakati ule. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kungoja, kwani tabo hulainishwa na oili hiyo hiyo ya injini. Nikifika kutoka mlimani sizimi injini mara moja. Naiacha izunguke taratibu dakika moja au mbili, ili tabo ipoe na oili isiungulie ndani yake. Kiangazi naangalia chujio kila mwezi. Mipira naikunja kwa mkono, siitazami tu. Na kabla ya kulipita lori narudisha gea kwanza, injini ishike mizunguko, wala siitegemei tabo ije kuniokoa katikati.

Ada ililipwa yote kwa wakati wake, na kijana alikwenda chuo Oktoba ile. Anapopiga simu hunisalimu, kisha huuliza gari linahesabu ngapi. Mimi humjibu, halafu hukaa na kumsikiliza habari zake mpaka amalize, hata kama nimeshavaa kwenda zamu.